Kinongo, Nguo ya Udongo Mkavu

Msomaji, ukishuka feri upande wa Likoni, ukaiacha barabara kubwa na kushika njia za ndani ziendazo Mtongwe, tazama chini ya miguu yako. Kando ya njia, juu ya mchanga mtupu ambapo hata nyasi zimeshindwa, utaona mmea mdogo umejitandaza. Rangi yake si kijani wala si nyeupe. Ni rangi ya fedha iliyokaa sandukuni muda mrefu. Majani yake ni madogo, mengi yao hayazidi ukucha wa kidole gumba, nayo yamefunikwa manyoya laini. Kwapani mwa majani hukaa vijiua vyeupe vilivyoshikamana kama vipande vya pamba. Upite hapo mwezi wa Februari, wakati kila kitu kimekauka, nawe utaukuta mmea huo kama ulivyouacha mwezi wa Agosti.

Watu wengi wa Pwani hukiita kinongo. Wataalamu huandika Aerva lanata, nao wamekiweka katika jamaa moja na mchicha. Ni mwenyeji wa Afrika na wa nchi za Asia pia. Kule Kerala, kusini ya Uhindi, kimehesabiwa katika maua kumi matakatifu. Na Sri Lanka hukaushwa kikauzwa madukani, watu wakakitia katika maji ya moto kama chai. Sisi twakipiga jembe. Mimi mwenyewe nimekipiga jembe miaka mingi, na habari hii naiandika kwa sababu nimejuta.

Sipendi msomaji adhani kuwa mimi ni bwana shamba. Mimi ni karani. Nilisomea ualimu, nikafundisha muda mfupi, kisha nikapata kazi ya kuandika barua na kutunza majalada katika ofisi ya kilimo. Lakini yeyote amtakaye bwana shamba hupita kwanza mezani kwangu, na wengi hunieleza shida zao zote kabla hawajaufikia mlango wake.

Baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 alikuja mzee mmoja kutoka Miritini. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutaka mbegu za jani la fedha.”

“Jani lipi hilo, mzee?”

“Nimelisikia redioni. Lapandwa katikati ya mahindi, lafunika ardhi, tena lafukuza wadudu.”

Hapo nikamfahamu. Alikuwa akisema habari za desmodiamu, ile ambayo jani lake lina mstari wa rangi ya fedha katikati. Ni mmea wa maana sana. Watafiti wa ICIPE walioko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, waliufanyia kazi tangu miaka ya 1990. Ukipandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake huwachukiza nondo wa mtoboabua, na nyasi za nepia zilizopandwa ukingoni mwa shamba huwavuta nondo hao waende kutaga huko. Mizizi yake nayo hufanya hila nyingine: huziamsha mbegu za kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linyonyalo mizizi ya mahindi, kisha huyazuia machipukizi yasiweze kushika mzizi, yakafa. Lakini desmodiamu hiyo ya mstari wa fedha yataka mvua za kuridhisha na hewa isiyo kali. Watafiti wenyewe walipotaka mmea wa mahali pakavu zaidi, walichukua desmodiamu ya namna nyingine, iliyo kijani tupu, na badala ya nepia wakaweka nyasi za brakiaria.

Nikamweleza mzee hayo yote, na pengine ule ualimu wangu ulinizidi, maana alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, mimi mahindi sina tena. Shamba limekuwa nyumba za kupangisha. Nina ukingo nyuma ya nyumba, nao wakwenda na maji. Nataka kitu cha kuufunika, kisichohitaji kumwagiwa maji ya kununua.”

Msomaji, swali hilo si la mzee yule peke yake. Katika bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, mashamba yamegawanywa viwanja, na kila kiwanja kina mteremko wake, ukingo wake, au kona yake iliyo wazi. Kwa mwaka mzima mvua yetu hupita milimita 1,000, lakini haiji kwa mpango. Mwezi wa Mei peke yake huleta zaidi ya milimita 200. Januari na Februari kila mmoja kwa kawaida haufikishi 40. Basi ardhi huokwa na jua la kaskazi miezi kadhaa, kisha masika huipiga kwa nguvu ikiwa uchi. Ungeweza kupanda majani ya bustani kama wenye nyumba kubwa wafanyavyo, lakini majani hayo yataka maji kila siku, na sote twajua bei ya mtungi wa lita 20 wakati mabomba yamekauka na wenye mikokoteni ndio mabwana wa mtaa.

Nikamwambia mzee anipe wiki moja. Ukweli ni kwamba nilitaka kwenda kutazama ukingo wa nyumbani kwetu.

Nyumba ya bibi yangu, mzaa mama, iko juu ya mteremko upande wa Mtongwe. Udongo wake ni mchanga, na mchanga una tabia mbili: maji hupenya upesi yakiwa kidogo, na mchanga wenyewe huondoka upesi yakiwa mengi. Bibi amekifagia kiwanja kile kila alfajiri kwa fagio la chelewa tangu kabla sijazaliwa. Kwetu kiwanja cheupe ni heshima. Mgeni akikuta majani uwanjani, husema nyumba hii haina mwanamke. Tena kiwanja kitupu humwonyesha nyoka, na hilo ni neno la haki wala silidharau. Basi alifagia uwanja, akafagia na mteremko, na kila kilichoota kiling’olewa. Mimi ndiye niliyeng’oa, kwa jembe, kila likizo ya shule.

Kisha ukaja ukame ule ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea mpaka 2022, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Jirani zetu wa Kilifi, Kwale, Tana River na Taita Taveta waliumia sana, ng’ombe wakafa. Huku Mombasa hatukufikia hapo, walakini nyasi chache zilizokuwa mteremkoni zilikwisha kabisa. Novemba 2023 mvua ikarudi kwa hasira. Usiku mmoja tulisikia kishindo nyuma ya nyumba. Asubuhi tukakuta kona ya banda la jiko imeinama, nguzo yake imesimama hewani, na udongo uliokuwa chini yake umelala barabarani huko chini. Bibi alisimama na fagio mkononi, hakusema neno.

Sasa sikiliza nililoliona nilipokwenda kutazama kwa ajili ya mzee wa Miritini. Upande wa mpaka wetu na jirani kuna kipande cha mteremko, upana wake hatua nne hivi, ambacho hakuna aliyekifagia, kwa kuwa sisi twasema ni chake naye asema ni chetu. Kipande hicho kilikuwa kimejaa kinongo. Na udongo wake ulikuwa umesimama juu kuliko mteremko wetu uliofagiwa, shubiri nzima na zaidi. Mvua ni ile ile, mchanga ni ule ule, mteremko ni mmoja.

Kama una watoto nyumbani, wafanyie jaribio hili, maana mimi nililifanya darasani nao hawakulisahau. Chukua vibati viwili vipana, toboa tundu upande mmoja wa kila kimoja, vijaze mchanga, uviegemeze kwenye jiwe vipate kuinama kidogo. Kimoja kiache wazi. Cha pili kifunike kwa majani makavu. Toboa kopo matundu madogo chini yake, ulitie maji, ukavinyunyizie vyote viwili kwa kiasi kimoja, na chini ya kila tundu uweke gilasi. Gilasi moja itajaa maji mekundu ya udongo. Ya pili maji yake yatakuwa kidogo na karibu kuwa safi. Tone la mvua ni kama nyundo. Likianguka juu ya ardhi tupu hurusha chembe za udongo, na zile ndogo huziba vinyweleo, maji yakakosa njia ya kuingia. Basi hukimbia, na kila yakimbiliapo hubeba. Likianguka juu ya jani, nguvu yake huvunjika, nayo maji hushuka polepole kama mtu ashukaye ngazi.

Kazi hiyo jani lolote laweza kuifanya. Ajabu ya kinongo ni kuwa jani lake liko kazini hata mwisho wa kiangazi, wakati majani mengine yamekufa na mvua ya kwanza yakaribia. Siri ni yale manyoya. Weupe wake hurudisha sehemu ya mwanga wa jua, jani lisiungue. Tena manyoya hushika hewa tulivu juu ya ngozi ya jani, upepo usiweze kunyonya maji upesi. Ni kama kanzu nyeupe avaayo mtu wa Pwani mchana wa kaskazi. Mimea mingi ya nchi kavu duniani imevaa namna hiyo, na ndiyo sababu jangwani na kwenye vilima vikavu utaona rangi ya kijivu na fedha kuliko kijani.

Kukipanda si kazi ngumu, ila kuna mambo machache ambayo mimi nimejifunza kwa kukosea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kung’oa mimea mikubwa njiani na kuihamisha. Kinongo kilichokwisha komaa kina mzizi mgumu kama kijiti, ushukao chini sana, ukiukata hakikusamehe. Katika mimea kumi na miwili nilipata mmoja. Afadhali vipandikizi. Kata ncha za matawi zilizo changa, urefu wa shubiri moja, usikate zenye maua mengi. Pukutisha majani ya chini, chomeka nusu yake katika mchanga wenye unyevu. Fanya hivyo masika yakisha kutulia, yaani mwisho wa Mei au Juni, wakati ardhi ina maji lakini mvua haipigi tena kwa nguvu. Kwa vipandikizi vyangu, zaidi ya nusu vilishika. Mbegu pia zafaa: ni ndogo mno, nyeusi zenye kung’aa. Pukutisha vichwa vya maua vilivyokauka juu ya gazeti, changanya na mchanga mkavu ili usizimwage zote mahali pamoja, nyunyiza kwenye mistari inayokata mteremko, kisha funika kwa mchanga kidogo sana.

Nasema mistari inayokata mteremko. Usipande mistari ishukayo chini, maana kila nafasi kati ya mistari itakuwa mfereji. Mimi huacha futi moja kati ya mche na mche, na mstari wa pili huupanda ili mche wake ukabili nafasi ya mstari wa kwanza. Ikiwa mteremko ni mkali, weka kwanza magogo ya minazi au mawe yaliyopangwa kwa kuukata, kwa sababu mche mchanga hauwezi kuzuia mlima. Kinongo ni nguo, si ukuta.

Usikitie mbolea. Jambo hili liliwashangaza hata ofisini. Nilitia samadi katika mstari mmoja kwa ukarimu, nao ukarefuka, ukawa kijani, ukalala ovyo na kuacha ardhi wazi katikati. Ile mistari iliyoachwa na njaa yake ilibaki mifupi, minene na yenye manyoya mengi. Kadhalika usikipande chini ya mwembe. Chapenda jua. Mara moja au mbili kwa mwaka, baada ya maua, kikate ncha kwa mkasi au kisu kikali ili kichipue kutoka chini na kusongamana.

Kisha mbuzi. Ee msomaji, mbuzi! Hula kinongo, na mwezi wa kwanza waweza kupoteza kazi yote asubuhi moja. Weka miiba au makuti mpaka mizizi ishike. Kikisha kushika, mbuzi akikiparura kidogo hakina neno, huchipua tena.

Mahali pake ni mteremkoni, ukingoni mwa njia, juu ya kuta za udongo, na kwenye kona ambazo hulimi. Shambani usikiingize. Huko kitapigania maji na mimea yako, nasi twataka ardhi ya shamba ifunikwe na kitu kitoacho chakula au kirutubishacho. Chini ya minazi panda kunde au fiwi. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa mukuna nayo imejaribiwa pamoja na mahindi, ifunike udongo na kuutia nguvu. Lakini pata mbegu ya shamba, usichukue ile ya mwituni tuijuayo kwa jina la upupu, watoto wako wasije wakajikuna mpaka usiku. Na ufuoni, penye mchanga wa bahari na chumvi, mlakasa wenye maua ya zambarau umekwisha shika kazi zamani. Usiung’oe ukidhani wasafisha pwani. Wako wanaochuma majani machanga ya kinongo na kuyapika pamoja na mboga nyingine, na hilo ni shauri la jikoni kwako. Habari za dawa waachie waganga na madaktari.

Asemaye kwamba ardhi yetu mbaya haifunikiki, na apite Bamburi. Machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yalikuwa jiwe tupu la matumbawe, jeupe, na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda humo. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosimama ni 3 tu, nazo ni mvinje, mnazi na ule mti uitwao damas. Mvinje ukashinda, lakini majani yake membamba yalianguka yakakaa tu, hayakuoza. Ndipo walipoletwa majongoo wale wakubwa, wakayala na kuyageuza kuwa udongo mweusi. Leo pale ni msitu, na watu hulipa kuingia. Jambo ninalolipenda katika hadithi hiyo ni lile zulia la majani kuliko miti yenyewe. Bila majongoo na zulia lao, ile mivinje ingesimama juu ya jiwe mpaka leo.

Tatizo kubwa kwangu halikuwa mchanga wala mbuzi. Lilikuwa bibi. Nilipomwambia kuwa nataka kupanda kinongo kwa mikono yangu, alinitazama kama mtu aliyepungukiwa.

“Mjukuu wangu, nimekusomesha ili upande magugu?”

“Bibi, tazama upande wa jirani. Udongo wake haukwenda.”

“Na nyoka?”

Hapo sikuwa na jibu la vitabuni. Tukapatana hivi: uwanja wa mbele na hatua sita kuzunguka nyumba vitakuwa vyake, vifagiwe viwe vyeupe kama apendavyo. Mteremko utakuwa wangu, na kinongo kisipite goti. Nikafunga kamba ya usumba kutoka nguzo ya jiko mpaka kwenye mkorosho, ili mpaka uonekane. Wiki za kwanza fagio lilivuka kamba mara mbili tatu, nikakuta miche imelala. Sikusema kitu, nikachomeka mingine. Masika ya mwaka 2024 yalipokuja, na mvua zilikuwa nyingi, mchanga uliokusanyika barabarani chini yetu haukujaza karai moja. Tangu hapo fagio lafika kwenye kamba na kugeuka.

Mzee wa Miritini nilimpelekea fungu la vipandikizi katika mfuko wa gunia. Udongo wa huko si mchanga. Ni mfinyanzi mzito upasukao kiangazi na kushika maji wakati wa mvua. Sehemu ya juu ya ukingo wake imefunikwa vizuri, nami nimeiona kwa macho. Sehemu ya chini, ambapo maji husimama siku mbili baada ya kila mvua, miche yote ilioza mizizi ikafa. Kinongo chavumilia kiu, hakivumilii kulowa. Sasa amechimba mfereji mdogo wa kuyatoa maji hayo kwanza, ameziacha mbegu zikauke juu ya dirisha, na Juni ijayo atajaribu tena.